Thawabu Aliyomnyima Mdogo Wake

Watu walimwita Mama Pasi. Kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi nguo za watu, na aliifanyia kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, mlango ukiwa wazi kutwa ili joto litoke. Katikati palikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, na juu ya blanketi shuka jeupe lililobabuka pembeni. Chini ya meza palikaa ndoo ya wanga wa kutia kwenye kola. Kwenye kamba iliyokatiza chumba zilining'inia nguo za wateja: mashati ya watu wa ofisini, sare za wahudumu wa hoteli, na kila wiki ikielekea mwisho, majoho ya kwaya. Ukitaka kuingia ndani ilibidi uiname upenye kati ya mikono ya mashati. Nyuma ya pazia ndiko alikolala yeye na binti yake wa pekee.

Mumewe alikuwa dereva wa lori, akafa kwa homa binti akiwa hajaanza shule. Hakuacha kitu isipokuwa sanduku la spana. Mama Pasi aliziuza spana, akanunua pasi ya mkaa, na tangu siku hiyo hakumnyooshea mtu mkono. Hilo watu walilisema kwa sifa. "Yule mama hata akikosa, hutajua," walisema, naye alipenda lisemwe.

Alikuwa na mdogo wake, tumbo moja, ziwa moja. Huyu aliolewa na kijana aliyekuwa akiuza misumari kwenye kibanda, na kibanda kile kikawa duka, duka likawa ghala la saruji na mabati, na yeye akawa Mama Mabati. Alijenga, akanenepa, akanunua gari, na wala hakupunguza kelele zake za utotoni. Akicheka, mtaa wa pili walijua kuna jambo. Kanisani aliimba kwa sauti ya kupasua vioo, huku wimbo wenyewe umepita kushoto na yeye kulia, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Ndugu hawa wawili walisali kanisa moja, mkubwa kwenye benchi la nyuma karibu na dirisha, mdogo kule mbele. Na hapo ndipo palipokuwa na jambo ambalo Mama Pasi hakuwahi kumwambia mtu.

Kila mchungaji alipohubiri habari za yule tajiri aliyekula na kusaza huku maskini amelala mlangoni pake, Mama Pasi alikuwa akitazama kilemba cha mdogo wake. Kilikuwa daima kilemba kipya, kimefungwa juu kama mnara. Mchungaji alipofika pale mambo yanapogeuka, maskini amebebwa na malaika na tajiri yuko motoni, kitu kitamu kilimshuka Mama Pasi kifuani taratibu, kama maji ya moto mtu aliyepigwa baridi anapoyanywa. Hakukiita kwa jina lake. Alikiita faraja. Alirudi nyumbani, akatia mkaa kwenye pasi, akafanya kazi kwa moyo mwepesi.

Mama Mabati alikuwa mtu wa kutoa. Aliletea nyumba ya dada yake mchele, mafuta, vitambaa, siku moja hata kiti cha kukunja. Mama Pasi alipokea kwa maneno mazuri, na gari likishaondoka tu, vitu vilivuka ua kwenda kwa majirani. Jirani wa mlango wa pili, mwanamke mmoja aliyeitwa Redio kwa sababu hakuzimwa, ndiye aliyefaidi zaidi.

"Mwenzangu, ndugu yako anakupenda," Redio alimwambia akiupokea mchele.

"Ananipenda, sikatai," Mama Pasi alijibu. "Lakini hazina yangu mimi haiko kwenye gunia."

Redio alimtazama, akalitazama na gunia. "Basi mimi yangu kwa leo iko humu humu," akasema, akajitwisha.

Binti alikua katikati ya mambo hayo. Alikuwa mtoto mkimya, mwenye mikono mitulivu. Jirani akikatwa na kisu alikuwa anaitwa yeye, si mtu mzima. Alitaka uuguzi tangu akiwa na meno ya utoto, na alipomaliza shule alifaulu, akapata nafasi kwenye chuo cha wauguzi kilichokuwa na sifa. Kilichokosekana ni ada.

Mama Mabati alizisikia habari kwa Redio kabla hajaambiwa na dada yake. Akaja mchana wa jua kali, akapenya kati ya mashati huku akihema, akakaa kwenye kile kiti cha kukunja ambacho kwa bahati kilikuwa bado hakijagawiwa.

"Dada," akasema, "huyu mtoto ni wangu pia. Mimi Mungu hakunipa wa kuzaa, na unajua. Niachie nimsomeshe."

Mama Pasi hakuinua uso kutoka kwenye shati alilokuwa akilinyoosha. "Nashukuru, mdogo wangu. Tutajitahidi wenyewe."

"Mtajitahidi na nini? Pasi?"

"Mungu wa wajane hajalala."

"Sasa dada, si huenda amenituma mimi?"

"Hajakutuma," Mama Pasi alisema. "Umejituma."

Mama Mabati alinyamaza, na kwa mtu yule kunyamaza kulikuwa jambo la kutisha. Alichezea bangili zake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Dada, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu. Kila mtu na fungu lake."

Hakumwambia lililokuwa moyoni, kwa sababu hata yeye alilitazama kwa jicho la pembeni tu. Lilikuwa hili: mdogo wake alikuwa na nyumba, na gari, na mume aliye hai. Kilichobaki ambacho hakuwa nacho ni kule juu. Na sasa alitaka kununua na kule, na bei yake iwe mtoto wa Mama Pasi. Akimsomesha yatima, si tayari ameandikiwa thawabu? Atakula hapa, akale na kule. Hapana. Akitaka thawabu akaitafute kwa mwingine.

Mama Mabati aliondoka. Nyuma ya pazia binti alikuwa amekaa kitandani na barua ya chuo mapajani, na pazia lile lilikuwa kitenge chepesi cha kuonyesha kivuli. Mama alipoingia alimwambia, "Tutangoja mwanangu. Mwakani Mungu atafungua mlango." Binti akasema, "Sawa, mama." Mwakani haukufunguka mlango wowote. Wala mwaka uliofuata. Binti akashika pasi ya pili, wakawa wanafanya kazi wakitazamana juu ya meza moja, na akili yake yote ile ikaishia kwenye mikunjo ya suruali za watu.

Mchungaji mpya, kijana mwenye maneno mazuri, alimtaja Mama Pasi kwenye mahubiri bila kumtaja. Alisema yuko mama mmoja humu ndani asiye na kitu, lakini hababaishwi na mali ya mtu. Vichwa viligeuka. Mama Pasi aliinamisha uso kama inavyompasa mnyenyekevu, na chini ya uso ule alikuwa anatabasamu.

Miaka ikaenda hivyo. Kisha Mama Mabati akaanza kuvimba miguu.

Mwanzoni alitania, akasema mwili umechoka kumbeba. Baadaye akashindwa kupanda ngazi za kanisa, baadaye akashindwa kulala chali, akawa analala ameketi, ameegemea mito. Daktari alisema moyo umekuwa mkubwa na umechoka, hausukumi damu inavyotakiwa, kwa hiyo maji yanabaki mwilini. Akapewa dawa, na akakatazwa mambo mawili: chumvi na maji mengi. Kwa siku alipimiwa jagi dogo tu, na hilo lihesabiwe na chai na uji na kila kinachomiminika.

Mumewe, shemeji wa Mama Pasi, alileta mwanamke wa kumtunza, mgonjwa akamfukuza. Akaletwa mwingine, naye akafukuzwa. Ndipo shemeji alipokuja mwenyewe kwenye chumba cha mashati, mtu mzima yule mwenye vumbi la saruji kwenye nyusi, akasimama mlangoni kama mteja asiye na uhakika.

"Shemeji, anakutaka wewe," akasema. "Anasema watu wengine wanamshika kama gunia."

"Nitakuja," Mama Pasi akasema. Damu nzito kuliko maji, na angesemwaje asipoenda?

Redio alimwona akifunga kifurushi chake. "Mungu si Athumani," akasema kwa sauti ya chini, ya kuelewana. Yaani, yule aliyejivuna amefikiwa. Mama Pasi alimkemea, "Acha maneno hayo, jirani." Lakini njiani aliyakuta maneno hayo hayo yakitembea naye, na hakuyafukuza kwa haraka.

Katika nyumba ya mdogo wake hakuwa ameingia vyumbani hata siku moja. Sikukuu zote alizokaribishwa aliishia sebuleni, akinywa chai kidogo na kuaga. Sasa alipitishwa mpaka chumba cha kulala: kitanda kipana, mapazia mazito, kabati la ukuta mzima, na chini ya kitanda safu ya viatu ambavyo havikuingia tena miguuni. Alisimama, akatazama vyote, na kile kitu kitamu kikamshuka kifuani kama kawaida. Haya yote yatabaki, alijiambia. Halafu akamtazama mgonjwa. Uso ulikuwa umekonda huku miguu imejaa, na katikati ya uso ule macho yalikuwa yale yale ya mtoto waliyelala naye kitanda kimoja.

"Umekuja," Mama Mabati alisema. "Nilimwambia huyu mwanamume utakuja, akabisha."

Mama Pasi alimtunza vizuri, hilo lazima lisemwe. Alimwogesha, alimgeuza, alimkanda miguu kwa mikono iliyozoea kujua kitambaa kipi kinataka nguvu na kipi hakitaki. Asubuhi alifika baada ya kumwachia binti kazi, jioni akarudi. Mgonjwa aliyekuwa amefukuza watu wawili akawa mtulivu kama kondoo, isipokuwa katika jambo moja. Alikuwa na kiu. Kiu ile haikumpa nafasi. Alikuwa akilitazama jagi lake kama mtu anavyotazama saa akiwa ofisini. Likiisha kabla ya siku kuisha, Mama Pasi alilowesha kitambaa safi, akakikamua, akampitishia midomoni, na mgonjwa alifumba macho kwa raha.

Mchana mmoja, jagi limekwisha na jua bado liko juu, wakawa wanafanya hivyo. Shemeji alikuwa dukani. Mama Mabati alinyonya pembe ya kitambaa, akacheka kidogo, kicheko chake cha sasa kisicho na pumzi.

"Dada, unamkumbuka yule tajiri wa kwenye mahubiri?"

Mkono wa Mama Pasi ulisimama. "Yupi?"

"Yule aliyekuwa anaungua. Akaomba yule maskini atumwe, achovye kidole majini, amguse ulimi." Alipumzika, akavuta pumzi. "Mimi habari ile ilinitesa sana. Wachungaji wakiisoma nilikuwa napenda kutoka nje, lakini utatokaje na mwili wote huu? Nilikuwa naimba kwa nguvu tu, ili nisiifikirie."

"Usichoke na maneno."

"Ngoja. Nataka nikwambie kilichonituliza." Akamshika dada yake kifundo cha mkono, kitambaa kikiwa bado kimo kiganjani. "Nilijiambia hivi: hata ikiwa mimi ndiye yule, basi maskini wangu mimi ninamjua. Ni dada yangu. Na hata wakisema kuna shimo katikati, na hakuna ruhusa, yeye atavuka. Atakuja na maji. Sijawahi kuwa na shaka hata siku moja. Nikawa nalala."

Mama Pasi alitazama kitambaa. Ile habari, katika miaka yake yote ya kuisikia karibu na dirisha, na yeye alikuwa ameendelea nayo mbele ya pale mchungaji anapoishia. Katika yake pia aliitwa yeye. Alisimama upande wa juu akiwa na majoho meupe, akasikia sauti inayomwita kwa jina la utotoni, akatazama chini. Na hakuvuka. Alikuwa ametulia, mikono ameikunja, anasema kila mtu na fungu lake. Ule ndio uliokuwa utamu wote. Ndio aliourudia kila wiki kama mtu anayelamba sukari kwa siri.

"Utakuja, si ndiyo?" Mama Mabati aliuliza, kwa utani, kama mtu anayejua jibu.

"Lala," Mama Pasi alisema. "Lala kidogo."

Akatoka akaenda uani, akasimama karibu na bomba la maji. Roho ya kwa nini ni jambo alilolijua kwa watu wengine. Alikuwa amewaonya akina mama wengi kanisani juu yake. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Watu wote walikuwa wakimtazama Mama Mabati kumwona mtu aliyefungwa na mali, na aliyefungwa na mali ile ni yeye, ambaye hakuwahi kuimiliki.

Siku chache baadaye alipeleka joho la mchungaji lililonyooshwa. Alimkuta ofisini, chumba kidogo chenye kabati la vitabu na matarumbeta ya kwaya yamelundikwa kwenye kona. Badala ya kuliacha joho na kuondoka, alikaa.

"Mchungaji, mimi nimemtendea mdogo wangu vibaya."

"Wewe? Mama, wewe ni mfano kwetu. Nimekutolea mfano mara nyingi."

"Ndiyo maana nimekuja. Acha kunitolea mfano." Akamweleza habari ya ada, na sababu yake, sio ile ya Mungu wa wajane, ile nyingine. Alieleza vibaya, kwa kurudia rudia. "Nilimnyima thawabu. Nilitaka akose. Nilikuwa nafurahi kwamba atakosa."

Mchungaji kwanza alisema yale ambayo wachungaji husema, kwamba shetani hupenda kuwashitaki wenye mioyo safi. Mama Pasi akatikisa kichwa. Basi kijana yule akakuna kidevu. Alipouliza tena hakuwa anahubiri.

"Na binti anajua?"

Mama Pasi hakuwa amelifikiria hilo. Katika majuto yake yote ya siku zile alikuwa akimwona mdogo wake tu, na kitambaa, na kiu. Mtoto alikuwa hayumo. Alirudi nyumbani miguu mizito, akijua kwamba hata katika kutubu amejitazama mwenyewe kwanza.

Binti alikuwa mezani, anapiga pasi mashuka ya hoteli. Mama alishika pembe ya shuka upande wa pili, wakalikunja pamoja kama walivyozoea, wakisogeleana na kuachana.

"Ile ada," mama akasema. "Mama yako mdogo alipokuja. Sikukataa kwa ajili ya imani."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Pazia si ukuta, mama." Binti alichukua shuka jingine. "Halafu nilikuwa nakutazama kanisani. Mtu akikaa pembeni yako anaona unatazama nini."

Mama Pasi alikalia ndoo iliyofunikwa. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesema nini? Kila mtu alikuwa anakusifu." Akanyoosha shuka kwa mkono, taratibu, akatoa kila mkunjo. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hiyo ndiyo iliyouma. "Wewe ulitoa sadaka, mama. Ila mbuzi nilikuwa mimi."

Mama alilia. Binti hakumfuata kumbembeleza, wala hakuondoka. Aliendelea na mashuka mpaka yakaisha, kwa sababu hoteli waliyataka jioni ile.

Kuomba ni kazi, na Mama Pasi hakuwa amejifunza. Kesho yake alimwogesha mdogo wake, akambadilisha nguo, akamweka kwenye mito, akazunguka chumba akifuta vitu vilivyokwisha kufutwa. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, anavaa viatu vya kwenda dukani.

"Nimekuja kukuomba kitu," Mama Pasi alisema.

Mama Mabati alifungua macho. "Sema tena. Sikio hili limeziba."

"Nakuomba. Umsomeshe binti. Kile chuo walishampa mtu mwingine nafasi, na umri wake umesogea, lakini ziko kozi za uuguzi wanazopokea watu wazima. Sina uwezo. Sikuwa nao hata wakati ule."

Mgonjwa alimtazama mumewe kwa furaha ya ushindi, kama watu waliowekeana dau miaka yote, na macho yakamjaa machozi. Angeweza Mama Pasi kuishia hapo. Mambo yangekuwa mazuri. Lakini hakutaka tena kitu kitamu alichokipata kwa kuficha.

"Na nikwambie sababu ya kukukatalia," akasema. "Sikutaka upate thawabu. Nilitaka uwe na haya ya hapa tu. Ile habari ya tajiri, mimi nilikuwa naisikiliza nikikutazama wewe. Na katika kufikiri kwangu, ulipoita, sikuja na maji."

Shemeji aliinamia kamba za viatu, akabaki ameinama. Furaha ilimtoka Mama Mabati usoni kidogo kidogo mpaka ikaisha, akageukia ukutani, na mgongo wake mpana ukawa unapanda na kushuka kwa shida. Gari la wateja lilipiga honi huko nje, hakuna aliyelijali.

"Nipe maji," akasema hatimaye, bila kugeuka.

"Jagi limebaki kidogo, na siku bado—"

"Nipe hayo hayo."

Mama Pasi akammiminia. Mgonjwa akanywa, akarudisha kikombe, na hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alimgeukia mumewe. "Huyo mtoto aanze masomo. Lishughulikie wiki hii, usiniletee habari za mteja aliyechelewa kulipa." Kisha akamwambia dada yake, akiwa anatazama mikono yake mwenyewe, "Na wewe usimwambie binti mambo ya thawabu. Mwambie ni ada tu. Hayo mengine yana mwenyewe."

Tangu siku ile waliishi kwa adabu zaidi, kama watu wawili waliobeba mtungi pamoja. Mama Mabati hakutania tena kuhusu habari ile. Siku nyingine alimkubalia dada yake kila kitu, siku nyingine alikuwa mkali, akasema uji una madonge, shuka lina mikunjo, na Mama Pasi akalinyoosha shuka lisilo na mkunjo. Mara moja tu, akiwa anakandwa miguu, alisema ghafla, "Hata ungeniambia uongo nisingejua." Mama Pasi akasubiri neno la pili. Halikuja.

Alifariki msimu wa mvua ukiwa unaanza, asubuhi, ameketi kwenye mito yake. Binti alikuwa ameshaanza kozi.

Msibani watu walijaa mpaka barabarani. Wote aliowahi kuwapa bati moja au mawili ya mkopo wakasahau kulipa walikuwepo, na walilia kwa kweli. Akina mama wa kanisa walimzunguka Mama Pasi, wakamshika mabega. "Umemuuguza mpaka mwisho," wakasema. "Thawabu yako ni kubwa mbinguni." Mmoja akisema, mwingine alipokea.

"Msiseme hivyo," Mama Pasi aliwaambia. "Nawaomba. Semeni mengine yoyote."

Wakafikiri ni unyenyekevu, wakamsifu zaidi.

Hakurudi kwenye benchi lake la dirishani. Alikaa popote palipokuwa na nafasi. Alijifunza kupokea. Shemeji akileta mchele, uliliwa humo humo ndani, na Redio alilalamika kwamba siku hizi watu wamekuwa wachoyo. Kila mara mkono wake uliponyooshwa kuchukua, ulitaka kurudi, akachukua hivyo hivyo. Lililomshinda ni sala. Alianza vizuri, akafika jina la mdogo wake, akakwama hapo, asijue ni nani kati yao anayepaswa kuombewa kuvuka.

Binti alikuja likizo ya kwanza amekonda, vidole vinanuka dawa. Alizungumza habari za wodi, wagonjwa wakorofi, mwalimu asiyecheka. Walikula wakiwa wamekaa kizingitini kwa sababu ya joto. Katikati ya kula akauliza, "Mama mdogo alikuwaje, alipokuwa mtoto?"

Mama Pasi alitafuna polepole. Kisha akaanza. Alimweleza jinsi mdogo wake alivyokuwa anaogopa kuku, si mbwa, si nyoka, kuku. Alivyoanguka kwenye shimo la takataka akiwa amevaa viatu vya mama yao, akakataa kutoka mpaka viatu vitafutwe. Siku walipopewa muwa mmoja wagawane, mdogo akachagua kipande kikubwa, akakitafuna mpaka nusu, halafu akaanza kulia kwa huruma na kumrudishia dada yake makapi. Binti alicheka mpaka akakohoa, akapigwa mgongoni. Mama naye alicheka. Moja likavuta jingine, mengine alikuwa ameyasahau kabisa, akashangaa kuyakuta yote yapo.

"Hukuwahi kunisimulia haya," binti akasema, akijifuta macho.

"Sikuwahi."

"Ungenisimulia."

"Ningekusimulia," mama alisema. Akakusanya sahani, akaingia nazo ndani.